Kisiwa cha Kangaruu na Walinzi Wake

Msafiri atokaye mji wa Adelaide, kusini mwa Australia, akitaka kwenda Kangaroo Island, husafiri kwa gari kiasi cha kilomita mia moja na kidogo hadi Cape Jervis, mahali ambapo bara humalizikia kwa vilima vikavu na upepo mwingi. Hapo hungoja pantoni. Kisiwa chenyewe huonekana waziwazi ng'ambo, kwa kuwa mlango wa bahari uitwao Backstairs Passage hauzidi kilomita 14 hapo penye wembamba, na pantoni huuvuka kwa muda wa dakika 45 hivi. Lakini kabla ya kuvuka, msafiri husoma makatazo ambayo huwashangaza wageni wengi. Akatazwayo kuvusha ni asali, mizinga ya nyuki iliyokwisha tumika, sungura, mbweha na mbegu za viazi. Mtu aliyefungiwa chupa ya asali na mama yake kwa ajili ya safari hana budi kuiacha huku bara.

Makatazo hayo si mzaha, wala si ukali wa bure wa wakubwa. Kisiwa hicho, ambacho kwa lugha yetu ni Kisiwa cha Kangaruu, ni cha tatu kwa ukubwa katika visiwa vya Australia, baada ya Tasmania na Melville. Eneo lake ni kilomita za mraba 4,400 hivi. Unguja na Pemba zikiunganishwa pamoja bado hazifikii. Hata hivyo wakazi wake ni kama 5,000 tu. Yapata miaka 10,000 iliyopita maji ya bahari yalipanda yakakikata kisiwa hicho na bara, na tangu hapo wanyama wake wameishi peke yao. Wazungu walipohamia Australia katika karne ya 19 walileta sungura na mbweha kwa ajili ya kuwinda kama walivyozoea kwao Uingereza. Sungura wakala majani ya bara zima, na mbweha wakala wanyama wadogo hata baadhi yao wakatoweka. Ng'ambo ya pili, katika Kisiwa cha Kangaruu, wageni hao wawili hawakupata kustawi. Kwa hiyo mgeni aendaye huko huona kwa macho yake yale ambayo bara limekwisha yapoteza. Mathalani yuko walabi aitwaye tama, mfano wa kangaruu mdogo, ambaye upande wa bara katika jimbo hilo alikwisha kabisa, lakini kisiwani humulikwa na taa za magari kila usiku.

Jina la kisiwa lilitokana na njaa. Mwezi wa Machi 1802, nahodha Mwingereza Matthew Flinders alitia nanga upande wa kaskazini, akiwa katika kazi ya kuchora ramani ya pwani ya Australia. Wanamaji wake walikuwa wamepitisha karibu miezi minne bila ya nyama mbichi. Waliposhuka asubuhi ya tarehe 22 walikuta kangaruu wengi wakila majani kwa utulivu, wasiojua binadamu ni kiumbe gani, wala hawakukimbia. Siku hiyo waliuawa kangaruu 31, wengine kwa risasi na wengine kwa kupigwa magongo. Wanamaji walishinda wakichuna na kupika, nao nahodha, kwa shukrani, akakipa kisiwa jina la mnyama aliyewashibisha. Ni shukrani ya namna yake, kwani aliyeshukuriwa ndiye aliyekuwa chunguni.

Wiki mbili baadaye Flinders alikutana baharini na meli ya Kifaransa ya Nicolas Baudin, aliyekuwa katika kazi ile ile ya kuchora ramani. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na Flinders aliwaweka watu wake tayari kwa mapigano. Mizinga haikupigwa. Manahodha hao wawili walizungumza na kupashana habari za pwani, na wote wawili hawakujua kwamba mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa saini huko Amiens siku chache zilizotangulia. Baudin alirudi mwaka uliofuata akakizunguka kisiwa chote, na ndiyo sababu sehemu za kusini na magharibi zina majina ya Kifaransa hata leo.

Kangaruu wa kisiwani ni wa jamii ya kangaruu wa kijivu wa magharibi, ila ni mfupi na mnene zaidi kuliko ndugu zake wa bara. Rangi yake imeelekea weusi wa moshi na manyoya yake ni marefu. Hata leo hana haraka. Jioni hutoka vichakani akala majani kando ya barabara, jambo ambalo humpendeza mpiga picha na kumsumbua dereva. Wenyeji wenye busara hawaendeshi magari usiku kama hawana shughuli ya lazima. Mwenziwe wa zamani, ndege emu wa kisiwani, ambaye alikuwa mdogo kuliko emu wa bara, hakuwa na bahati hiyo. Wahamiaji walipofika 1836 hakuonekana tena hata mmoja.

Kati ya Flinders na wahamiaji hao kuna miaka thelathini na minne ambayo vitabu vya watalii huipitia upesi. Kisiwa hakikuwa na watu wakati Flinders alipofika, ijapokuwa zana za mawe zilizokutwa ardhini zathibitisha kwamba watu waliishi humo zamani za kale. Wenyeji wa bara walikiita Karta, na husemwa maana yake ni kisiwa cha wafu. Tangu 1803 walianza kufika wawindaji wa sili, Wamarekani na Waingereza, na pamoja nao mabaharia watoro. Wanaume hao waliwateka wanawake wenyeji kutoka Tasmania na kutoka pwani ya bara, wakawaleta kisiwani wawe wake zao na vibarua wao. Ujuzi wa wanawake hao katika kuwinda, kuchuna na kukausha ngozi ndio uliowalisha watekaji. Yasimuliwa kwamba mmoja wao alijitosa katika Backstairs Passage na mtoto wake mgongoni, akaogelea kuelekea kwao, na kwamba baadaye alionekana ufukoni mwa bara, yeye na mwanawe, wakiwa wamekufa. Mgeni aketiye kwenye pantoni akinywa chai angefaa kulijua jambo hilo.

Ngozi za sili zilipelekwa ng'ambo kwa maelfu, hata wanyama wenyewe wakawa adimu. Baadaye uwindaji ulikoma, na hapo palitokea tofauti ya ajabu baina ya jamaa wawili. Sili wenye manyoya mazito, wale waliotafutwa zaidi na wafanya biashara, wameongezeka tena hata sasa huhesabiwa kwa maelfu mengi. Lakini simba wa bahari wa Australia, ambaye haonekani mahali pengine po pote duniani ila katika pwani za kusini na magharibi za nchi hiyo, bado ni mchache, tena yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini. Kundi lake mojawapo kubwa, la wanyama mia kadhaa, huishi Seal Bay, upande wa kusini wa kisiwa.

Seal Bay ndipo mahali ambapo wageni wengi husema pamewatosha hata kama wasingeona pengine. Njia ya mbao hupita juu ya matuta ya mchanga hadi karibu na ufuko, na anayetaka kushuka mchangani hana ruhusa ya kwenda bila ya askari wa wanyama wa kumwongoza. Humo wanyama hulala wametapakaa kama abiria waliokosa gari la moshi. Wageni wasiojua hudhani ni wavivu. Kwa kweli simba wa bahari hutoka akaenda mbali baharini kwa siku mbili au tatu mfululizo, akazama hadi sakafu ya bahari kutafuta samaki, ngisi na kamba, mara nyingi bila ya kupumzika. Kisha hurudi kulala kwa muda kama huo huo. Wengine wana makovu makubwa ya meno ya papa.

Uzazi wake ndio hasa unaoeleza kwa nini hakuongezeka upesi. Wanyama wa jamii yake karibu wote huzaa kila mwaka, lakini yeye huzaa mara moja katika kila miezi 17 au 18, mtoto mmoja. Mtoto hunyonya muda huo wote mpaka mdogo wake anapozaliwa. Mama akienda baharini humwacha mchangani au vichakani, na akirudi humwita kwa sauti, naye huitikia. Mtoto asiye wake akikaribia, humnusa na kumfukuza kwa meno. Mama akipotelea baharini, kwa papa au kwa nyavu za wavuvi, mtoto hana wa kumrithi. Katika hesabu ya namna hiyo, jike mmoja aliyekufa ni hasara kubwa, na hiyo ndiyo sababu maeneo ya bahari yenye makundi ya wanyama hao yamewekewa masharti makali ya uvuvi wa nyavu.

Mnyama mwingine anayestahili kutajwa ni ekidna. Ana miiba kama nungunungu, pua ndefu nyembamba, na hula sisimizi na mchwa. Ni mnyama anyonyeshaye, lakini hutaga yai. Jike hulitia yai lake moja katika mfuko ulio tumboni, nalo huanguliwa baada ya siku kama kumi. Kitoto hunyonya humo mfukoni mpaka miiba yake inapoanza kuota, na hapo mama, kwa sababu zinazoeleweka na kila mzazi, humtoa akamweka katika shimo na kumrudia kila baada ya siku chache. Mengi katika habari hizo yalifahamika kwa utafiti wa mtaalamu Peggy Rismiller, aliyekaa miaka mingi penye hori ya Pelican Lagoon kisiwani humo akiwafuata ekidna kwa miguu. Wakati wa kutafuta mke, madume hujipanga mmoja nyuma ya mwingine wakamfuata jike kwa siku nyingi, pengine kumi katika mstari, na mdogo kabisa huwa wa mwisho. Askari hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu mpango huo.

Upande wa magharibi, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka gatini, ipo hifadhi ya taifa iitwayo Flinders Chase, iliyotengwa mwaka 1919. Hapo pana Remarkable Rocks, mawe makubwa ya itale yaliyokaa juu ya mgongo wa mwamba ulioinuka ghafla kutoka baharini. Mvua, chumvi na upepo vimeyachonga yakawa na mapango, midomo na pembe, na juu yake umeota utando wa rangi ya machungwa. Si mbali na hapo upo upinde wa mwamba uitwao Admirals Arch, uliotobolewa na mawimbi, na chini yake sili hupigana, hulala na kulea watoto. Juu yake ulijengwa mnara wa taa wa Cape du Couedic, ulioanza kuwaka mwaka 1909. Ulijengwa kwa kuwa bahari ya huko imemeza meli nyingi. Meli Loch Sloy ilivunjika karibu na hapo mwezi wa Aprili 1899. Katika watu 34 waliosalimika ni watatu tu. Walinzi wa taa waliishi juu ya jabali hilo na wake zao na watoto wao, wakiletewa vyakula kwa meli katika kijihori cha Weirs Cove, na kila gunia la unga liliinuliwa juu ya jabali kwa kamba ya waya. Mama wa nyumba aliyesahau kuagiza chumvi aliikosa mpaka meli ilipopita tena.

Habari ya asali yapasa kumalizwa. Katika miaka ya 1880 nyuki wa Liguria, jamii ya nyuki wapole kutoka Italia, waliletwa kisiwani, na mwaka 1885 baraza la kutunga sheria la jimbo lilikitangaza kisiwa kuwa mahali pao pa hifadhi. Huko kwao Italia nyuki hao wamekwisha kuchanganyika na wengine. Kisiwani wametengwa muda wote huo, na ndiyo maana asali ngeni hukatazwa, kwa kuwa huweza kubeba ugonjwa. Asali yao, itokanayo na maua ya mikaratusi, huuzwa madukani, na mgeni yuko huru kuondoka nayo kwa kadiri ya mfuko wake.

Katikati ya kisiwa upo mji mdogo wa Parndana. Watalii wengi husimama hapo kwa mafuta ya gari tu, lakini kwa msomaji aliyevaa sare mji huo una habari kuliko mawe na minara. Mji huo uliasisiwa kwa ajili ya askari. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, serikali ilitafuta mahali pa kuwapa ardhi wanajeshi waliorudi. Nyanda za katikati ya kisiwa zilikuwa vichaka vitupu, kwani udongo wake ulikuwa dhaifu na kondoo waliolishwa humo walikonda wakafa ijapokuwa majani yalikuwapo. Wataalamu wa kilimo waligundua kwamba udongo umekosa fosfati, na pia shaba na kobalti kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mtu angeweza kukidharau. Vitu hivyo vilipotiwa katika mbolea, malisho yakaota na kondoo wakanenepa.

Basi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, familia za askari zaidi ya 170 zilipelekwa huko. Mwanzo waliishi katika kambi, vyumba vya mabati na mbao, wakifanya kazi ya pamoja ya kufyeka vichaka kwa matingatinga na kuchoma magogo. Halafu kila mmoja akakabidhiwa shamba lake. Wake zao walipika katika joto la mabati, wakafua kwa maji ya kuhesabu, na watoto wakaokota mawe na mizizi mashambani baada ya masomo. Wengine walistawi kwa sufu na nyama ya kondoo. Wengine walishindwa na madeni wakaondoka. Jumba dogo la makumbusho mjini Parndana limehifadhi zana na picha za maisha hayo.

Kazi ya askari hao ilikuwa ya halali na ya jasho, lakini ilikuwa na bei yake. Kufyeka kwa mashamba kulipunguza miti iliyokuwa chakula cha ndege na makao ya wanyama, na porini pakubwa palipobaki ni upande wa magharibi, ndani ya Flinders Chase na kando yake. Viumbe vingi vya kisiwa vikawa, kama mtu awekaye akiba yake yote katika sanduku moja, vimekusanyika upande huo.

Mwezi wa Disemba na Januari ni kiangazi huko. Disemba 2019, baada ya ukame mrefu, radi ilipiga vichaka vya kaskazini na baadaye vya Flinders Chase. Tarehe 3 Januari 2020 upepo mkali uliuchukua moto kuelekea mashariki. Karibu hifadhi yote iliungua, pamoja na ofisi ya kupokelea wageni na hoteli ya kifahari iliyokuwa juu ya jabali la kusini. Watu wawili, baba na mwanawe, walikufa barabarani. Wakazi wa Parndana walihamishwa. Wazimamoto wa kujitolea, ambao wengi wao walikuwa wakulima, walipigana usiku na mchana huku mashamba yao wenyewe yakiwaka nyuma yao. Hadi moto ulipozuiliwa, siku ya 21 Januari, hekta kama 210,000 zilikuwa zimeungua, karibu nusu ya kisiwa, na nyumba zaidi ya 80, na kondoo kwa makumi ya maelfu. Baadhi ya mashamba hayo yalikuwa yale yale yaliyofyekwa na askari wa vita.

Siku iliyofuata ile ya upepo, serikali ya Australia ilitangaza kuwaita kazini kwa lazima askari wa akiba hadi 3,000, jambo ambalo halikupata kufanywa kabla ya hapo. Sehemu yao walipelekwa kisiwani kwa meli na ndege. Hawakukuta adui wa kupigwa risasi. Waliondoa miti iliyoanguka barabarani, wakagawa maji na malisho, wakabomoa nyua zilizoungua, na kazi iliyokuwa nzito kuliko zote, wakachimba mashimo marefu na kuzika mizoga. Mkulima aliyelea kundi lake tangu utoto aliona haya kulia mbele ya vijana, na vijana, kwa adabu, walitazama kando.

Karibu na Parndana kulikuwa na bustani ya wanyama ya watu binafsi ambayo moto haukuifikia. Humo waliletwa koala kwa mamia, nyayo zao zimeungua na masikio yamebabuka. Waganga wa wanyama walifanya kazi katika mahema, na askari waliwajengea viumbe hao vizimba na kuwakatia majani ya mikaratusi. Picha za askari aliyekumbatia koala zilienea dunia nzima.

Lakini koala huyo, ambaye dunia ilimlilia, si mwenyeji wa kisiwa. Waliletwa koala 18 kati ya 1923 na 1925 kutoka French Island katika jimbo la Victoria, kwa hofu kwamba wawindaji wa manyoya wangewamaliza bara. Kisiwani hakukuwa na adui wa kuwala. Wakazaana hata wakaikausha miti waipendayo, kwa kuwa koala hula majani mpaka mti unapokufa. Tangu 1997 serikali imekuwa ikiwafunga uzazi maelfu yao na kuwahamisha wengine, maana kuwaua kusingevumiliwa na wananchi. Kabla ya moto walikadiriwa kufika 50,000, wengi wao katika mashamba ya mikaratusi iliyopandwa kwa biashara. Sehemu kubwa yao waliteketea. Hapo wataalamu walijikuta katika hali ngumu ya kuwahurumia wanyama ambao jana tu walikuwa wakitafuta njia ya kuwapunguza. Hata hivyo si kosa la koala kwamba aliletwa.

Wenyeji wa kweli walikuwa wadogo na kimya, na hakuna aliyewapiga picha. Mmoja ni danati wa kisiwani, mnyama mwenye ukubwa wa panya, macho makubwa meusi, alaye wadudu usiku. Haonekani po pote duniani ila hapo, na hata kabla ya moto hakufikia 500. Karibu makao yake yote yaliungua. Wachache waliosalimika, wakiwa katika majivu yasiyo na pa kujificha, waliwindwa na paka wa mwituni. Wiki chache baada ya moto, katika ardhi ya familia moja ya wakulima waliokubali kwa hiari yao, ulianza kuwekwa uzio wa kuzuia paka, na baadaye ukakamilishwa uzio mkubwa uzungukao hekta karibu 370. Mkulima naye ana kisa chake na paka, kwani paka hao hueneza magonjwa yanayoharibu mimba na nyama za kondoo. Kwa mara moja mfugaji na mlinzi wa wanyama wakawa na adui mmoja. Upande wa mashariki, mahali ambapo kisiwa kimebanwa na maji huku na huku, uzio mwingine umekatisha shingo hiyo ya nchi ili paka waliomo rasini waondolewe na wengine wasirudi.

Wa pili ni kakatuu mweusi ang'aaye, kasuku mkubwa mwenye mkia wenye mistari myekundu. Ndege huyo hula karibu chakula kimoja tu, mbegu za mti wa jamii ya mvinje. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aujuaye mvinje, na kitunda chake kigumu kichomacho nyayo za mtoto atembeaye peku ufukoni, anaweza kuiwazia kazi ya ndege huyo, ambaye kutwa nzima huvunja vitunda hivyo kwa mdomo apate mbegu zilizo ndogo kuliko punje ya mtama. Jike hutaga yai moja katika tundu la mkaratusi mzee, hulalia peke yake, na dume humletea chakula jioni.

Mwaka 1995 walibaki chini ya 160. Watu walipochunguza walikuta kwamba posamu, wanyama wa usiku wapandao miti, huingia matunduni wakala mayai na makinda. Dawa iliyotumika haikuwa ya gharama kubwa. Bati laini lilizungushwa kwenye shina la kila mti wenye kiota, juu kidogo ya kimo cha mtu, na matawi yaliyogusana na miti mingine yakakatwa. Posamu akifika kwenye bati makucha yake hayapati pa kushika. Watoto wa shule na wazee wakapanda miti ya jamii ya mvinje katika pembe za mashamba, mengine yakiwa mashamba yale ya askari. Kabla ya moto kakatuu walikuwa wamefikia karibu 370.

Moto uliunguza sehemu kubwa ya miti yao ya chakula upande wa magharibi. Ndege wenyewe, kwa kuwa wana mabawa, wengi walihamia mashariki na pwani ya kaskazini ambako miti ilibaki, na hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba idadi yao haikuporomoka. Hoteli iliyoungua ilijengwa upya ikafunguliwa Disemba 2023, na wageni wanapita tena juu ya mawe ya itale. Lakini mvinje uliopandwa leo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa mbegu za kumlisha kakatuu. Kwa hiyo kila mwaka watu wa kujitolea hutawanyika kisiwani jioni, wakasimama wawili wawili chini ya miti yenye mabati, na kungoja ndege warudi kulala ili wawahesabu.